Elfu Yako Itarudi na Ngapi? Michezo Minane ya Bahati, Kutoka Mnyonyaji hadi Mkarimu

Shemeji yangu ana madaftari mawili. La kwanza ni la duka, na humo hata kiberiti alichokopa jirani kimeandikwa. La pili ni la mikeka ya kubeti, na humo zimeandikwa siku alizokula tu. Siku alizoliwa hazina ukurasa. Jumapili iliyopita kijiweni, kati ya kikombe cha pili cha kahawa na cha tatu, alinifungulia hilo la pili akiwa ametuna kama kuku aliyetaga: "Mwalimu, soma mwenyewe. Mimi na kamari ni faida tupu."

Nikamwomba kalamu.

Orodha hii tuliiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari hilo, yeye akibisha na mimi nikizidisha. Kila mchezo tuliuuliza swali moja: ukiweka shilingi 1,000, kisha ukaucheza mara nyingi mpaka uchoke, kwa wastani kila elfu inarudi na shilingi ngapi? Kanuni yenyewe haihitaji chuo kikuu. Chukua kila tokeo, zidisha malipo yake kwa uwezekano wake, kisha jumlisha. Mfano: mtu ana dadu moja, unampa 1,000, ikija sita anakupa 5,000, isipokuja anakushukuru. Moja ya sita ya 5,000 ni 833. Hiyo 833 ndiyo thamani tarajiwa. Toa dau lako, unabaki na faida tarajiwa ya hasi 167, na hiyo 167 ndiyo bei ya tiketi ya kumwangalia mwenye dadu akitabasamu. Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha hesabu za namna hii mwaka 1657, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakupewa taarifa mapema.

"Lakini hakuna anayelipwa 833," shemeji akasema. "Ni elfu tano au sifuri."

Kweli kabisa.

"Basi mimi nitachukua ile elfu tano."

Tukaanza.

8. Pata potea: shilingi 0

Kwenye karatasi mchezo huu haujakaa vibaya sana. Karata tatu, moja ndiyo yenyewe, ukiipata unalipwa mara mbili ya ulichoweka. Theluthi ya 2,000 ni 667. Bei ni kali, lakini walau ni bei.

Shida ni kwamba hesabu hiyo inaamini karata imelala pale ulipoiona ikilazwa. Mimi nilifundishwa somo hili stendi, mwezi wa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Kijana mmoja mwenye koti la suti alikula mara tatu mfululizo mbele ya macho yangu. Mama mwenye kikapu akala mara moja, akanigeukia na kuninong'oneza: "Baba, ni ile yenye kona iliyokunjika." Nikatazama. Kweli, kona ilikuwa imekunjika. Nikaweka elfu ishirini juu ya kona. Karata ikageuzwa, siyo yenyewe. Kona ilikuwa imeshahamia nyumba nyingine. Nilipoinua kichwa, mwenye suti, mama wa kikapu na mwenye meza walikuwa wanakunja kibao na kuondoka kwa njia moja, kama familia inayowahi chakula cha mchana.

Kwa hiyo theluthi ile ifute. Uwezekano ukiwa mkononi mwa mwenye meza, ni sifuri, na sifuri mara 2,000 hata mwanafunzi wa darasa la pili anaijua.

"Mimi ningeangalia mikono yake," shemeji akasema.

Shemeji, mikono ndiyo anayotaka uangalie.

7. Mkeka wa mechi 20: shilingi 358

Hapa ndipo vikombe viliwekwa chini.

Tuanze na mechi moja. Chukua ova na anda, magoli yawe zaidi ya mawili na nusu au pungufu, na tuseme ni mechi ambayo pande zote mbili zina nafasi sawa, nusu kwa nusu. Kampuni ya kubeti ingekuwa ndugu yako ingekupa odi ya 2.00 kila upande. Siyo ndugu yako, inakupa 1.90 na 1.90. Nusu ya 1,900 ni 950. Kwa hiyo kwenye mechi moja elfu yako inarudi na 950, na hiyo hamsini ni ya kulipia taa za ofisi. Ukitaka kuiona bei hiyo kwenye mechi yoyote, gawanya moja kwa kila odi, kisha jumlisha. Moja gawanya kwa 1.90 ni asilimia 52.63, pande mbili jumla 105.26. Uwezekano halali hujumlika kuwa 100. Hizo tano na ushee zilizozidi ndizo karanga za mwenye duka.

Asilimia tano si dhambi kubwa. Muuza nyanya anachukua zaidi. Shida ya mkeka ni kwamba unailipa ile tano kila mstari unaoongeza, kisha unailipa tena juu ya kilichobaki. Mechi 5: 774. Mechi 10: 599. Mechi 20: 358. Ni kama kupanda daladala ishirini kwenda mtaa wa pili, kila kondakta anachukua nauli yake, nawe unajisifu kwamba safari ilikuwa ndefu.

"Lakini malipo, mwalimu! Angalia malipo!"

Tukayaangalia. 1.90 ikizidishwa yenyewe mara ishirini inaifanya elfu moja kuwa takriban milioni 375.9. Macho ya shemeji yakajaa maji ya furaha. Kisha nikamwandikia uwezekano wa kupatia mechi zote ishirini za nusu kwa nusu: moja katika 1,048,576. Mchezo wa haki, usio na bei, ungemlipa elfu moja mara 1,048,576, yaani bilioni 1 na milioni 48 na kitu. Bilioni moja dhidi ya milioni 376. Tofauti ni milioni 672. Siku ile anayoota kila usiku, siku atakayobebwa juujuu mtaa mzima, ndiyo siku atakayopunjwa kuliko siku zote za maisha yake.

Alinyamaza muda wa kuchovya kashata. Kisha akaja na hoja yake nzito: yeye habahatishi, anasoma timu. Anajua nani ana kadi nyekundu, kipa gani kagombana na kocha, uwanja gani una matope. Hoja hiyo siifukuzi mlangoni. Kwenye odi ya 1.90 ukipatia mara 53 katika kila 100, unapata faida. Kidogo, lakini faida. Kikomo ni 52.63. Anayeijua mechi kuliko aliyepanga odi anaweza kuvuka. Na akishavuka, kurefusha mkeka kunamnufaisha, kwa sababu faida nayo huzidishana kama hasara.

Kwa hiyo nikamuuliza: wewe unapatia ngapi katika mia?

Akafungua daftari. Daftari lina siku alizokula tu. Kwa hesabu ya daftari, anapatia mia katika mia.

6. Loto ya mipira 49: karibu shilingi 500

Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilianza Novemba 1994: chagua namba 6 kati ya 49, pauni moja. Michanganyiko ni 13,983,816. Karibu nusu ya fedha ya tiketi ilirudi kwa wachezaji kama zawadi, nusu nyingine ikaenda kwenye shughuli za jamii, kodi, mawakala na waendeshaji. Mwaka 2013 bei ilipanda hadi pauni mbili. Mwaka 2015 mipira ikaongezwa ikawa 59, na michanganyiko ikaruka hadi 45,057,474. Yaani walipandisha nauli, kisha wakasogeza kituo. Watu wakaendelea kupanda.

Jambo moja la kumfaa mchezaji: uwezekano wa namba huwezi kuubadilisha, lakini idadi ya watakaogawana nawe unaweza kuipunguza. Watu wengi hucheza tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo namba za juu ya 31 huwa na wapenzi wachache. Ukishinda nazo, unagawana na wachache. Hiyo ndiyo akili pekee inayoingia kwenye loto, na nayo inafanya kazi siku ile tu ambayo karibu haiji.

Hapa shemeji alisimama kabisa. "Yaani bibi wa Kiingereza anayechagua siku za kuzaliwa za wajukuu ananizidi mimi ninayefuatilia majeruhi?"

Kwa mkeka wa ishirini, anakuzidi kwa shilingi mia na arobaini. Kaa chini, kahawa inapoa.

(Mtauliza dubwi liko wapi, lile la kutumbukiza sarafu nyuma ya duka. Halimo. Siyo kwamba nimelionea huruma. Uwezekano wake umefungiwa ndani ya bati, na mimi sizidishi nisichokiona. Unayecheza mchezo ambao bei yake haionekani, unaweza kuupanga mwenyewe kati ya namba 8 na namba 7.)

5. Dadu tatu na alama sita: shilingi 921

Huu ndio nimeupenda kuliko yote, kwa sababu unadanganya kwa hesabu tupu, bila kuhamisha kona ya karata. Mabaharia wa Kiingereza waliucheza kwa dadu zenye taji, nanga na maua manne ya karata. Tukauweka kwa namba za kawaida. Unachagua namba, tuseme sita. Dadu tatu zinarushwa. Sita ikitokea kwenye dadu moja, unarudishiwa dau na elfu moja juu. Kwenye mbili, dau na elfu mbili. Kwenye zote tatu, dau na elfu tatu. Isipotokea, umeliwa.

Shemeji alipiga hesabu kwa kidole hewani: "Dadu moja ni moja ya sita. Dadu tatu ni tatu ya sita. Nusu. Na ikija mara mbili napewa zaidi. Mwalimu, huu mchezo una faida! Nani anauchezesha?"

Kila mtu hupiga hesabu hiyo. Mchezo mzima umejengwa juu ya hesabu hiyo.

Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka. Tuzihesabu kama wali kwenye sinia. Sita zote tatu: njia 1. Sita mbili kamili: njia 15. Sita moja tu: njia 75. Hakuna sita hata moja: njia 125. Jumlisha, ni 216. Sasa cheza mara 216 na kila njia ije mara moja. Umekula 3 kwa njia ile moja, 30 kwa zile kumi na tano, 75 kwa zile sabini na tano. Jumla umekula 108. Umeliwa 125. Upungufu ni 17 katika 216, karibu shilingi 79 kwa kila elfu.

Kosa la kidole hewani liko wapi? Ukijumlisha moja ya sita mara tatu, zile njia ambazo sita imetokea mara mbili umezihesabu mara mbili, na ile ya mara tatu umeihesabu mara tatu. Nafasi ya kuona sita angalau moja siyo 108 katika 216, ni 91. Na yale malipo ya ziada ya mbili na tatu, ambayo yanaonekana kama takrima, hayatoshi kuziba pengo.

Shemeji asione aibu. Kosa hili lina ukoo wa kifahari. Mfaransa mmoja aliyejiita Chevalier de Méré alijua kwamba kubeti utapata sita angalau moja katika mitupo minne ya dadu moja kuna faida. Akafikiri: minne kwa sita ni sawa na ishirini na nne kwa thelathini na sita, basi kubeti sita mbili kwa pamoja katika mitupo 24 ya dadu mbili nako kutakuwa na faida ileile. Uwiano mzuri, matokeo mabaya. Kubeti kwa kwanza kunapatia asilimia 51.8, na elfu inarudi na 1,035. Kwa pili kunapatia 49.1, na elfu inarudi na 983. Maswali yake yakamfikia Blaise Pascal, Pascal akaandikiana barua na Pierre de Fermat mwaka 1654, na humo katika barua hizo somo zima la uwezekano likapata miguu.

"Kwa hiyo hesabu mnazotufundisha shuleni zililetwa na mcheza kamari?"

Aliyeliwa, shemeji. Aliyekula haandiki barua.

4. Ruleti: shilingi 947, au 973 ukichagua meza

Gurudumu la Kimarekani lina vyumba 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Ukiweka elfu kwenye namba moja na ikaja, unaondoka na 36,000. Gawanya kwa 38: 947. Gurudumu la Kizungu lina sifuri moja tu, vyumba 37: 973. Weka kwenye namba, kwenye nyekundu, kwenye shufwa au witiri, jibu ni lilelile. Sifuri si nyekundu wala nyeusi, na haiwahurumii wenye rangi.

Miaka ya 1840, huko Homburg nchini Ujerumani, ndugu wawili mapacha, François na Louis Blanc, waliamua kuondoa sifuri ya pili. Walipunguza bei ili wawavute wateja. Watu wakamiminika, na François baadaye akaenda kuijenga Monte Carlo. Mwenye kasino huyu alijua kitu ambacho kila muuza vitumbua anakijua: faida ndogo kwa mteja anayerudi inashinda faida kubwa kwa mteja anayekimbia.

Na mteja anarudi. Tuseme gurudumu linazunguka mara 40 kwa saa, nawe unaweka elfu kila mara. Mfukoni ulikuja na elfu kumi tu, lakini kwa saa moja umeweka mezani elfu arobaini, maana elfu ileile inakwenda na kurudi kama mtoto anayetumwa dukani. Asilimia 2.7 ya elfu arobaini ni shilingi 1,081. Asilimia ni ndogo, mizunguko ndiyo mingi.

3. Shilingi mia hewani, na kudabo: 1,000 kamili

Nyerere upande mmoja, swala upande wa pili. Kichwa unapewa elfu mbili, swala unapoteza elfu. Nusu ya 2,000 ni 1,000. Hakuna bei, hakuna faida. Mchezo wa ndugu.

Lakini shemeji ana mfumo. Kila mwanamume wa kijiweni ana mfumo, na mfumo ni uleule: ukiliwa, unadabo. Elfu moja, mbili, nne, nane. Siku ukila, unarudisha yote na elfu moja juu. "Haiwezekani kuliwa milele," anasema, na hilo ni kweli. Swali ni kama mfuko wako nao utaishi milele.

Tukampa mfuko wa 1,023,000, fedha nzuri ya kununua friji la soda. Zinatosha kuliwa mara kumi mfululizo, maana 1 na 2 na 4 mpaka 512 jumla yake ni 1,023. Nafasi ya kuliwa mara kumi mfululizo ni moja katika 1,024. Kwa hiyo mara 1,023 katika 1,024 anaondoka na elfu moja, na mara moja anaondoka bila friji. Elfu moja mara 1,023 ni 1,023,000. Hasara mara moja ni 1,023,000. Toa.

Sifuri. Hadi senti ya mwisho.

Mfumo haukuongeza kitu wala haukupunguza. Ulichofanya ni kuzikusanya hasara zote ndogondogo, kuzifungia kwenye gunia moja, na kulining'iniza darini juu ya kichwa chake. Anashinda kila siku, na kila siku analala chini ya gunia.

2. Shilingi isiyochoka: mamilioni yasiyo na mwisho, au elfu 21

Kwa hesabu za vitabuni huu ungekuwa namba moja, na hakuna mwingine angekaribia. Nicolas Bernoulli aliuuliza kwa barua mwaka 1713, na binamu yake Daniel akauandikia mwaka 1738 katika jarida la chuo cha wanasayansi cha St. Petersburg, na jina la mji likaung'ang'ania.

Unarusha shilingi mpaka kichwa kije. Kikija mtupo wa kwanza unalipwa 2,000. Wa pili, 4,000. Wa tatu, 8,000. Kila unapokawia, malipo yanadabo. Piga kanuni yetu: nusu ya 2,000 ni 1,000. Robo ya 4,000 ni 1,000. Thumuni ya 8,000 ni 1,000. Elfu, elfu, elfu, bila kikomo. Thamani tarajiwa haina mwisho. Kwa kanuni ile, uza nyumba, uza shamba, lipa kiingilio chochote utakachotajiwa.

Muulize sasa mtu yeyote atalipa ngapi kuingia. Shemeji alisema elfu tano, na hakuwahi kumsoma Bernoulli yeyote.

Nani amekosea? Daniel alisema fedha haina uzito mmoja kwa kila mtu: milioni ya pili haikufurahishi kama ya kwanza. Jibu zuri, ila mimi nina la kijiweni zaidi. Anayelipa ni nani? Mpe mchezeshaji bilioni 1 na milioni 48 na kitu, ile fedha ya haki tuliyoikosa kwenye mkeka namba 7. Inatosha kulipa mpaka mtupo wa ishirini. Zaidi ya hapo anakukabidhi yote aliyonayo na kufunga duka. Elfu moja mara ishirini, na elfu moja ya kufunga duka: 21,000. Kisicho na mwisho kimekuwa bei ya kuku mmoja wa kienyeji, kwa sababu tu tumeuliza mfuko wa mwenye mchezo una ngapi. Na ukitozwa kiingilio hicho, kila elfu inarudi na elfu tu.

Mfaransa Buffon hakubishana, alimpa mtoto sarafu arushe. Michezo 2,048, malipo yakianzia écu moja, sarafu ya kwao enzi hizo, kisha mbili, nne na kuendelea. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1777: écu 10,057, chini kidogo ya 5 kwa mchezo. Na ndani ya hizo, michezo sita pekee ililipa 256 kila mmoja, jumla 1,536.

"Huyo mtoto alilipwa?" shemeji akauliza.

1. Tombola iliyokosa wateja: zaidi ya elfu moja

Michezo yote iliyotangulia ina mwenye meza aliyepiga hesabu kabla yako. Tombola ya shule huendeshwa na kamati, na kamati hupiga hesabu baada.

Mbuzi dume wa shilingi 180,000. Tiketi moja shilingi 1,000. Wakachapisha tiketi 500, wakitarajia kubakiza laki tatu na ishirini za kuezeka vyoo. Zikiuzwa zote, tiketi yako ina thamani ya 180,000 gawanya kwa 500, yaani 360. Bei ya mkeka wa ishirini, kwa sababu njema zaidi. Lakini Jumamosi ya maonyesho, siku chache baada ya kahawa ile ya kijiweni, mvua ilinyesha kuanzia alfajiri. Saa nane mchana mwalimu wa zamu alikuwa amejikunyata chini ya turubai na vishina vya tiketi mkononi, na vishina huwa na namba. Nikasoma: tiketi 120 zimetoka. Droo saa tisa.

Laki moja na themanini gawanya kwa 120. Shilingi 1,500.

Huu ndio mlango ambao kanuni inaonyesha, na watu wakubwa wamewahi kuupita. Mwaka 1729 mwanahisabati La Condamine aligundua kwamba bahati nasibu ya serikali ya Ufaransa, iliyowekwa kwa wenye hati za deni za Paris, ilikuwa na zawadi kubwa kuliko bei ya tiketi zote, na kwamba mwenye hati ndogo alilipa tiketi kidogo huku akipata nafasi ileile ya zawadi kubwa. Yeye, Voltaire na wenzao wakakusanya hati ndogo na kununua tiketi kwa wingi. Waziri wa fedha akawashtaki, akashindwa, kwa sababu kununua tiketi zinazouzwa si kosa. Voltaire hakuwahi tena kuandika kwa njaa.

Nilimpigia shemeji simu. Alifika akiwa ameloa, na elfu sitini mkononi. "Tununue zote!"

Subiri. Kila tiketi tunayonunua inaongeza idadi, na inapunguza thamani ya zile tulizokwisha kununua. Tukinunua 60, tiketi zinakuwa 180, kila moja ina thamani ya elfu moja kamili, faida sifuri. Tukinunua moja, faida ni ya moja tu. Katikati pana kilele. Nilijaribu namba nyuma ya kishina huku mwalimu wa zamu akinitazama kama naghushi cheti: 10 inatoa 3,846, 20 inatoa 5,714, 27 inatoa 6,061, na 35 inatoa 5,645. Ishirini na saba ndiyo kilele. Tiketi 147 kwa jumla, kila moja 1,224, nafasi yetu ya mbuzi asilimia 18.

Tukalipa elfu ishirini na saba. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, shemeji aliandika kwenye daftari lile kabla ya matokeo: tarehe, dau, faida tarajiwa 6,061.

Saa tisa droo ikachezeshwa. Mbuzi akachukuliwa na mtoto wa darasa la nne, tiketi moja, aliyopewa na bibi yake badala ya hela ya ubuyu. Tulimsaidia kumkamata, maana mbuzi naye alikuwa na mpango wake.

Tulirudi kwa miguu kwenye matope, shemeji akiwa kimya mpaka tulipofika kwenye kibanda cha nyama choma, harufu ikamsimamisha.

"Mwalimu," akasema, akilifungua daftari chini ya taa, "hii faida tarajiwa ya elfu sita na sitini na moja, inachomwa au inachemshwa?"